Wasomaji Wauliza: Yule Aliyesimama Kando ya Drams

Barua za safari hii karibu zote zimemlenga mtu mmoja katika bendi ya jazi: yule anayesimama kando ya drams, amekumbatia ala refu kuliko yeye mwenyewe. Wengine huiita dabo besi. Humu tunaiita besi la kusimama, tusije tukalichanganya na gitaa la besi.

Ndugu Mhariri, mimi huhudhuria jazi kila mwezi na ninaipenda kweli, lakini nakiri kwamba besi silisikii. Namwona mpigaji akitokwa jasho, vidole vinakwenda, ila masikio yangu yanashika saksafoni na drams tu. Nifanyeje nami nimsikie?
*Msikilizaji wa viti vya nyuma*

Kosa si lako. Uzi mzito kuliko wote, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Unaofuata, wa A, mara 55. Wa D mara 73. Wa G mara 98. Masikio ya mwanadamu ni mazito huko chini. Ili sauti ya namna hiyo isikike kubwa sawa na sauti ya mwimbaji, inahitaji nguvu nyingi zaidi. Ukumbi nao una mambo yake: mawimbi ya sauti nzito hugonga kuta na kurudi, yakikutana mahali pamoja yanavimba, mahali pengine yanafutana. Ukiona nota fulani zinavuma na nyingine zimemezwa, hama mita moja au mbili. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha kumleta mpiga besi mbele yako.

Nyumbani, achana na spika ya simu. Ni ndogo mno kutoa hezi 41 au 55 (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde). Unachokisikia humo ni zile sauti za juu zinazoambatana na nota, kisha ubongo unajijazia ile ya chini. Vaa hedifoni au tumia spika yenye kifua.

Halafu badilisha unachokitafuta. Wengi hungoja mvumo, ule wa kutetemesha kifua, nao umechanganyika na ngoma kubwa ya drams. Wewe tafuta mwanzo wa nota. Kidole kinapouachia uzi kuna mlio mfupi wa nyama na mbao, uko juu kuliko mvumo wenyewe, na unapenya hata kelele za glasi. Ushike pamoja na lile toazi kubwa ambalo mpiga drams analigonga mfululizo. Nota za besi zinaangukia hapo hapo. Ukishayaunganisha mawili hayo, huyapotezi tena.

Zoezi lenye faida kubwa kuliko yote ni kuimba. Chukua bluzi ya vipimo 12. Kila kipimo kina mapigo manne, na besi likiwa linatembea, kama wanamuziki wasemavyo, linatoa nota moja kwa kila pigo. Tukiita nyumbani do, safari ni hii: vipimo 4 vya do, 2 vya fa, 2 vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa, 2 vya do, kisha mzunguko unaanza upya. Bendi za jazi hupachika kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) za ziada njiani, lakini nguzo ni hizo. Weka rekodi, uimbe kwa chini nota hizo za msingi tu, moja kwa kila kipimo. Ukipotea, usisimamishe rekodi; nyamaza, ngoja mzunguko urudi nyumbani, ingia tena. Mpiga besi aliyepotea naye hujirudisha kwa masikio, muziki haumngojei.

Ukishaizoea, sogeza sikio karibu zaidi. Tazama kipimo cha nne: wimbo bado uko do, na kipimo kinachofuata utaingia fa. Mpiga besi anaweza kupiga do, mi, so, halafu kwenye pigo la nne akapiga nota iliyo nusu toni, yaani hatua moja ndogo kabisa, juu ya fa. Nota hiyo haimo kwenye kodi anayoiacha wala kwenye ile anayoiendea. Ingekaa kipimo kizima ingekera. Lakini inakaa pigo moja tu, inateremka kwenye fa, na sikio linahisi limefika mahali lilipokuwa likiitwa. Yaani nota moja ndogo imekwambia wimbo unahama, kabla piano haijahama. Sasa piga hesabu: kwa mwendo wa mapigo 160 kwa dakika, wimbo wa dakika 8 una nota 1,280 za besi linalotembea, na karibu zote anazichagua papo hapo. Sisi tunaamini kwamba mtu akiisikia nota ile ya pigo la nne mara moja tu, hamwangalii tena mpiga besi kwa macho yale yale.

Ukitaka rekodi ya kuanzia, chukua “So What” ya mpiga tarumbeta Miles Davis ya mwaka 1959. Baada ya utangulizi wa taratibu, lahani kuu inapigwa na besi la Paul Chambers, na wengine ndio wanaoitikia kwa kodi mbili. Wimbo una vipimo 32 katika mafungu manne ya vipimo vinane. Fungu la tatu linapanda nusu toni, la nne linarudi chini. Jaribu kuusikia mpando huo kupitia besi peke yake.

Nitajieni wapiga besi wa kusikiliza. Najua wapiga tarumbeta kumi kwa majina, mpiga besi hata mmoja.
*Mwanafunzi*

Anza na Jimmy Blanton. Aliingia katika bendi ya Duke Ellington mwaka 1939 na kufariki mwaka 1942 akiwa na miaka 23, na kwa muda huo mfupi aliwaonyesha watu kwamba besi linaweza kuimba solo kama ala ya kupuliza. Kisha Ray Brown, hasa alipokuwa na mpiga piano Oscar Peterson: hapo utajua maana ya besi kutembea. Charles Mingus ni wa kumsikiliza kama kiongozi na mtunzi. Bendi nzima inasukumwa kutoka kwenye besi lake. Scott LaFaro, katika rekodi za mwaka 1961 akiwa na mpiga piano Bill Evans, hafuati mapigo manne. Anazungumza na piano kana kwamba wamekaa meza moja. Alifariki mwaka huo huo, ana miaka 25.

Ron Carter aliingizwa kwenye kitabu cha rekodi za Guinness kwa kushiriki katika rekodi nyingi kuliko mpiga besi mwingine yeyote wa jazi, 2,221 kufikia mwaka 2015. Rekodi 2,221, na wapenzi wengi wa muziki hawajui kwamba wamewahi kumsikia. Msikilize pia Johnny Dyani wa Afrika Kusini, aliyeondoka kwao mwaka 1964 na kundi la Blue Notes. Nyuzi zake zina uzito wa nyimbo za kuitikiana. Na Esperanza Spalding, anayeimba lahani moja huku mikono yake ikipiga nyingine.

Kila besi likianza solo, watu wanaanza maongezi. Naona vibaya kwa niaba ya mpigaji. Je, kuna la kufanya, na tupige makofi wakati gani?
*Mpenzi wa jazi*

Watu hawafanyi hivyo kwa ubaya. Wanasikia bendi imeshuka ghafla na kudhani muziki umepumzika. Bendi imeshuka kwa sababu haina budi: nota ya uzi uliodonolewa kwa kidole inafifia upesi, na haina ukali wa kupenya toazi au saksafoni. Ndiyo maana mpiga drams huchukua brashi au kubaki na haihati (matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu) kwenye pigo la pili na la nne, na mpiga piano huweka kodi moja hapa, moja pale, au huondoa mikono kabisa.

Dawa iko kwa bendi kwanza. Kiongozi asimame mahali pake amtazame mpiga besi. Akitoka jukwaani kwenda kunywa maji, ukumbi mzima umepewa ruhusa ya kuzungumza. Solo isiwekwe kila wimbo mahali pale pale, mwisho kabisa, baada ya kila mtu kuchoka. Mpiga besi apewe wimbo mmoja ambao solo yake ndiyo ya kwanza, au afungue wimbo peke yake. Kaunta nayo inaweza kuzuia mashine ya kahawa na ya kusaga barafu kwa dakika mbili. Wakiombwa mapema hukubali.

Makofi ni pale anaporudi kwenye kutembea: utasikia nota moja kwa kila pigo imerudi, na toazi limefunguka. Usiogope kuifunika nota yake ya kwanza.

Mimi ni mshereheshaji wa jioni za jazi. Namtajaje mpiga besi bila kurudia “na kwenye besi…” kila mara? Na nikimkuta baadaye nimpongeze kwa lipi?
*MC*

Jina lake liulize kabla, uandike jinsi linavyotamkwa, na ulitaje mara mbili: mwanzoni, na papo hapo baada ya solo, makofi yakiwa hayajatulia. Kumtaja mwishoni tu, wakati watu wanatafuta viatu na mikoba, hakumfikii yeye wala wao. Kwenye bango la tangazo majina ya wanamuziki wote yaandikwe pamoja na ala zao. Kama bendi inabadilisha mpiga besi dakika za mwisho, na hilo hutokea sana kwa sababu wachache hao wanagombewa na kila mtu, sahihisha jina hata kwa kalamu.

Pongezi nzuri inataja kitu. “Umepiga vizuri” inapita. Mwambie: wimbo ule wa taratibu hukuuacha ukimbie. Au: ulipotoka kwenye mapigo mawili ukaingia manne, mwimbaji alipumua. Mapigo mawili ni pale besi linapopiga pigo la kwanza na la tatu tu, mara nyingi mwimbaji anapotambulisha lahani, kisha kwenye solo linafunguka kutembea manne. Kungoja mpaka wakati wake ni uamuzi, na mwenye kuuamua hufurahi ukijulikana. Unaweza pia kumsifu usahihi wa sauti: ala hii haina vijiti vya chuma vya kugawa nota kama gitaa, kila nota ni kidole kukumbuka mahali. Akikosea kwa milimita chache huko kwenye nota za juu, kila mtu anasikia.

Tunaanzisha jioni ya jazi kwenye ukumbi mdogo. Piano tunayo, drams tunazo. Mpiga besi anahitaji nini jukwaani?
*Waandaaji*

Anahitaji mraba wa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na upande wake wa kulia uwe wazi kwa upinde. Tazameni juu pia: kichwa cha ala hufika sentimita 180 au zaidi, na taa inayoning'inia au feni ya dari imeshavunja vichwa vya mabesi mengi. Kigoda kirefu, cha sentimita 75 hivi, kisichozunguka na kisicho na magurudumu. Soketi moja ya umeme karibu naye, ili waya usikatize njia ya wahudumu.

Sakafu ndiyo watu husahau. Ala inasimama juu ya mguu mmoja wa chuma uliochongoka au uliovishwa mpira. Kwenye vigae au mbao zilizopakwa vanishi inateleza, na mpigaji anatumia nguvu za goti kuizuia badala ya kupiga. Wekeni kipande cha zulia zito kinachotosha yeye asimame juu yake pia, kwa sababu zulia likibeba ala tu vitateleza vyote viwili. Zulia hilo hilo linawaokolea sakafu isitobolewe.

Mahali pake ni kati ya piano na drams, upande wa lile toazi kubwa la mpiga drams, karibu kiasi cha kuonana macho. Msimweke kona ya mbali kwa sababu ala yake ni kubwa na inaziba picha. Besi na toazi vikiachana mita tano, kila mmoja anamsikia mwenzake kwa kuchelewa kidogo na mwendo wa bendi nzima unalegea, halafu lawama zinamwangukia yeye. Mwepusheni na upepo wa kiyoyozi na taa zenye joto. Mbao hunywa na kutoa unyevu, nyuzi zinapanda na kushuka, na ataonekana hajui kutyuni kumbe ni taa.

Mwisho, mpeni pa kuilaza ala wakati wa mapumziko, nje ya njia ya watu, na mlango wa kuingilia usiokuwa na ngazi kama upo. Mpiga filimbi hufika dakika kumi kabla. Huyu afunguliwe ukumbi saa nzima mapema.

Mimi ni fundi mitambo. Pikapu (kinasa mtetemo) ya besi la kusimama ama inatoa sauti kama debe, ama inavuma mpaka nazima. Tatizo ni pikapu?
*Fundi wa mikisa*

Mara chache sana. Anza na debe. Pikapu nyingi za ala hii ni vipande vya piezo, vinavyogeuza mtetemo kuwa umeme, vinavyobanwa kwenye daraja (kibao kinachoinua nyuzi juu ya uso wa ala), na piezo inataka mlango wenye ukinzani mkubwa sana, ohm milioni 1 au zaidi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa laini wa mikisa (mtambo wa kuchanganyia sauti), wenye ohm elfu kumi hivi, sauti nzito inapotea njiani kabla hujagusa kitufe. Ukiongeza besi kwenye mikisa unaongeza uchafu tu. Weka priampu, yaani kikuza sauti cha awali, iliyotengenezwa kwa ajili ya piezo kati ya ala na mikisa, au chukua laini kutoka nyuma ya ampu ya mpigaji, ambayo mlango wake kwa kawaida unatosha.

Sasa mvumo. Hili ni sanduku la mbao lenye matundu mawili; spika ikilitikisa, uso wake unatikisa daraja, daraja linatikisa pikapu, pikapu inarudi kwenye spika, na duara limefungwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa ekolaiza, gusa samani. Ampu ikiwa nyuma yake inatazama mgongo wa ala, isogeze ubavuni. Inyanyue kutoka sakafuni, sentimita 50 zinatosha, juu ya kiti imara au sanduku, kwa sababu sakafu ya jukwaa la mbao huzidisha sauti nzito na kuipandisha kupitia ule mguu wa chuma. Kwenye monita, ile spika ya jukwaani inayomrudishia mwanamuziki sauti, usimpe besi lake mwenyewe kama ana ampu.

Pili, kata vya chini. Kichujio kianzie hezi 40. Nota ya chini kabisa ni 41, hivyo karibu hupotezi chochote isipokuwa ngurumo za sakafu na vishindo vya mkono. Bado inavuma? Panda hadi 60, hata 80. Utaogopa kwamba umemnyang'anya besi lake, lakini masikio yanajijazia, kama tulivyomweleza yule msikilizaji hapo juu, na nota zitasikika wazi zaidi kuliko mwanzo.

Tatu, swichi ya fezi, inayopindua mawimbi ya sauti juu chini. Igeuze, sikiliza, chagua upande wenye mvumo mdogo. Mvumo unaweza kuhamia nota nyingine. Chagua ile ambayo wimbo hauikanyagi mara kwa mara.

Nne, mwombe mpigaji apande nota moja moja kwenye uzi wa E na wa A kwa nguvu ile ile. Itakayovimba, tafuta mahali pake kwa bendi nyembamba ya ekolaiza na uiteremshe desibeli 3 hadi 6. Moja au mbili tu. Ukikata tano, umetengeneza debe lingine.

Maikrofoni ni tamu zaidi, sentimita 20 hadi 30 mbele ya daraja, lakini ni ya chumba tulivu na mpiga drams mwenye adabu. Na wakati wa kujaribu mitambo mwanzie yeye na mpiga drams pamoja, wengine wafuate. Fundi anayemwacha awe wa mwisho, dakika tatu kabla watu hawajaingia, hana muda wa hata hatua moja kati ya hizi.

Namwonea huruma akibeba lile zigo peke yake. Nikimsaidia nishike wapi?
*Jirani wa ukumbi*

Muulize kwanza, na akikataa usisisitize. Ala yenyewe haizidi sana kilo 10. Uzito si shida, shida ni umbo. Msaada wa kwanza ni kumshikia mlango, kubeba ampu, kigoda na mkoba wa nyaya.

Akikukabidhi ala, hakikisha mguu wa chuma umeingizwa ndani. Mkono mmoja shingoni, mwingine kwenye ukingo wa kiuno. Usiguse nyuzi wala daraja, na daraja likutazame wewe, lisitazame fremu ya mlango. Kuilaza, ilaze ubavu, daraja likielekea ukutani. Usiilaze kifudifudi, usiiegemeze kwenye kiti.

Sababu ya ukali huu ni kwamba daraja halijagundishwa. Linashikiliwa na nyuzi tu, ambazo zote nne kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Ndani, karibu na mguu wa daraja ulio upande wa uzi wa G, kuna kijiti cha mbao kinachosimama kati ya uso na mgongo, nacho hakina gundi. Mafundi wa Italia na Ufaransa hukiita roho. Daraja likigongwa likaanguka, roho inaweza kuanguka nayo. Utasikia kitu kinagonga-gonga ndani ukiinamisha ala. Hapo mtu asisimamishe daraja na kukaza nyuzi ili onyesho liendelee. Uso usio na kijiti unaweza kubonyea au kupasuka. Legeza nyuzi zote, weka kitambaa chini ya kibao cha kushikia nyuzi kisikwaruze, ipeleke kwa fundi.

Jambo jingine la kujua: ukisikia ala inakoroma kwenye nota fulani, huenda mshono kati ya uso na mbavu umeachia. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo. Penye mshono mzima panajibu kwa sauti iliyokaza, palipoachia panajibu kwa mchakacho. Mshono huo umegundishwa kwa gundi ya ngozi, dhaifu makusudi, ili hewa ikikauka mshono uachie kabla mbao hazijapasuka. Anayejaza gundi kali ya dukani ameondoa kinga hiyo, na msimu mwingine wa ukavu utapasua ubao wenyewe. Chumba chenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60 ndicho kinachoifaa.

Mpiga besi wetu ni kijana, ana mwaka mmoja kwenye besi la kusimama baada ya kutoka gitaa la besi. Kila baada ya onyesho vidole vyake vina malengelenge. Tunamwambia atazoea. Tuko sahihi?
*Kiongozi wa bendi*

Kidogo tu. Ngozi huota sugu baada ya wiki kadhaa, lakini malengelenge ya mwaka mzima yana sababu, na huenda sababu ni ninyi. Mtu asiyejisikia huvuta uzi kwa nguvu zaidi. Kadiri anavyovuta, ndivyo nota inavyotoa kishindo badala ya sauti, naye anazidi kuvuta. Kabla ya kumkagua vidole, kagueni sauti ya drams na gitaa.

Kisha kagueni ala. Mwisho wa ubao wa vidole, kwa nyuzi za chuma, urefu wa uzi wa G juu ya ubao wa milimita 5 hadi 6 na wa E milimita 8 hadi 9 unafaa jazi. Ala nyingi za kuazima zina zaidi ya hapo, na hakuna mkono utakaoshinda. Fundi hushusha daraja kwa kulichonga, au huzungusha magurudumu ya kurekebishia kama linayo.

Mkono wa kulia: asidonoe kwa ncha kama kwenye gitaa. Kidole cha shahada kilale karibu sambamba na uzi, upande wake wenye nyama uvute karibu na mwisho wa ubao, na uzito utoke kwenye mkono mzima kuanzia bega. Lengelenge likitokea asilikate. Alifunike kwa plasta ya kitambaa, apumzike siku mbili.

Mkono wa kushoto unahitaji subira yenu zaidi. Uzi wa gitaa la besi ni kama sentimita 86. Wa besi la kusimama ni kama 105. Nusu toni ya kwanza kutoka juu ya shingo ina sentimita 6 hivi, na toni nzima inayofuata inazidi 10. Ndiyo maana hapo vidole vinavyotumika ni cha kwanza, cha pili na cha nne, na cha tatu kinakisaidia cha nne. Nyimbo alizozipiga bila kuhama mahali kwenye gitaa, huku zinamhamisha mara tatu. Msimpe nyimbo za mapigo 260 kwa dakika miezi hii. Mkizipiga, mruhusuni apige mapigo mawili.

Na fanyeni mazoezi wiki moja kila mwezi bila ampu hata moja. Mpiga drams achukue brashi, mwimbaji aimbe bila maikrofoni, na kila mmoja apige kwa kiasi ambacho bado anasikia nota za besi zinaanzia wapi na kuishia wapi. Mpiga piano atagundua mkono wake wa kushoto unakanyaga nota zile zile za chini. Auinue oktavu moja, aiache ile ya msingi kwa kijana. Baada ya mazoezi mawili matatu ya namna hiyo, tazameni tena vidole vyake.